Muulize Mzee Tindo: Jiwe la mchungaji na ukuta unaolia

*Ukurasa wa maswali ya wasomaji kuhusu nyumba, kuta na majengo ya zamani. Mzee Tindo alifundisha uashi kwa miaka mingi. Sasa amestaafu, anaishi Rungwe na kuku wake.*

Shikamoo Mzee Tindo. Mimi ni mwalimu mstaafu, naishi Tukuyu. Chuo nilikosomea ualimu, cha kanisa, kina ukumbi wa matofali ya kuchoma wa enzi za misheni. Ukumbi unaitwa kwa jina la mchungaji mzawa aliyeanzisha darasa la kwanza pale. Alikuwa mchungaji na mwalimu kwa wakati mmoja. Miaka minne iliyopita sisi tuliosoma pale tulichanga. Tukaupiga lipu ya saruji nje kote, tukapaka rangi ya mafuta, na kando ya mlango tukabandika jiwe la marumaru lenye jina lake. Sasa lipu inavimba na kudondoka, ndani ukuta unatoa chumvi nyeupe na harufu ya uvundo, na jiwe lenyewe limepasuka. Kamati imegawanyika. Wapo wanaotaka tubomoe tujenge ghorofa na kuliita kwa jina lilelile. Wapo wanaosema tubandike vigae ukuta mzima, yaishe. Na mzee mmoja anadai hata jina si haki, maana mchungaji huyo hakushika mwiko hata siku moja. Tufanyeje?

Marahaba, mwalimu, ingawa nikipiga hesabu nahisi mimi ndiye ningepaswa kukuamkia. Ugonile.

Msibomoe. Nimeanza na hilo kwa sababu nazijua kamati: husomewa mistari miwili ya kwanza, halafu chai inaletwa.

Ukumbi wenu unaumwa ugonjwa mliouletea wenyewe kwa mapenzi. Ukuta wa matofali ya kuchoma uliofungwa kwa udongo au chokaa hunywa maji mvua inapoupiga, kisha jua likitoka huyatoa jasho. Huku kwetu mvua inapita milimita 2,000 kwa mwaka, nawe unajua inavyonyesha Tukuyu, wiki nzima mtu hajaona kivuli chake. Ukuta ule umekunywa na kutoa jasho tangu enzi za Mjerumani, na haukuwahi kuwaomba mchango. Nanyi mkauvisha koti la mpira.

Saruji ni ngumu kuliko tofali lililo nyuma yake. Ukuta wa zamani hautulii, unajinyoosha na jua na kujikunja na baridi. Lipu ya saruji haiwezi kuufuata, kwa hiyo inachanika nyufa nyembamba kama unywele. Maji yanaingia kwa ufa. Mengine yanapanda kutoka ardhini kupitia msingi, maana majengo ya zamani hayakuwekewa karatasi ya kuzuia unyevu. Yakishaingia hayana pa kutokea, kwa kuwa mbele kuna saruji na juu ya saruji kuna rangi ya mafuta. Basi yanageuka na kutokea ndani, yakibeba chumvi za udongo na za saruji yenyewe. Maji yakikauka, chumvi inabaki, inakua, inasukuma. Ndiyo hiyo nyeupe unayoiona. Wengine huiita ukungu na kuipaka dawa. Iguse kwa ncha ya ulimi kama una shaka.

Nayajua haya kwa aibu. Mwaka 1987 nilikuwa kijana mwenye cheti kipya na pima maji ya kung'aa, nikapewa kazi ya kuipendezesha nyumba ya zamani ya kanisa, sitasema wapi. Nilikuta lipu ya chokaa, laini, inayochubuka ukiipitishia kiganja, nikaicheka. Nikaibandua yote na kupiga saruji nzito, moja ya saruji kwa tatu za mchanga, nikiamini kadiri mkono unavyokuwa mzito ndivyo heshima inavyokuwa kubwa. Masika ya tatu wakaniita. Kipande kikubwa kama mlango kilikuwa kimedondoka chote kwa pamoja, na nilipokigeuza nikaona nyuma yake nyuso za matofali zimegandamana na saruji yangu. Ukutani matofali yalibaki mekundu, mororo, kama goti la mtoto aliyeanguka. Tofali lililochomwa vizuri lina ganda, na ganda hilo likishatoka halirudi. Tangu siku ile sijawahi kumcheka fundi aliyekufa.

Kwa hiyo kabla hamjashika tindo, upimeni ukuta. Chukua fundo la kidole ugonge lipu kuanzia chini kwenda juu. Mahali inapolia kama debe tupu imeshaachana na ukuta, na hapo itatoka bila ugomvi. Mahali inapolia bubu imeshika; usiing'oe kwa hasira, utachuna tofali. Halafu tafuta sehemu ambayo saruji haikufika, nyuma ya fremu ya dirisha au darini, ukwangue kipande cha kiungo kati ya matofali, kikubwa kama punje ya hindi. Kitie kwenye glasi ya maji. Kikiyeyuka na kuwa tope, mmefungiwa kwa udongo. Kikibaki kigumu, kiweke kwenye kisosi, kikamulie ndimu na usogeze sikio. Chokaa huchemka na ndimu, ikitoa mapovu madogo na sauti ndogo kama soda iliyomiminwa. Mzee mmoja wa kamati afanye jaribio hilo mbele ya wote. Nimeona mabishano ya miezi sita yakiishia kwenye kisosi.

Tiba huanzia juu, na hapa ndipo wenye haraka hukosea. Kagua bati, misumari na mifereji ya mvua kwanza, maana ukuta ukiendelea kumwagiwa maji kutoka paani, hakuna lipu duniani itakayousaidia. Kisha shuka chini. Nina uhakika wa karibu kwamba udongo wa nje umepanda. Kila mwaka watu hufagia, humwaga kifusi, hupanda maua, hadi ardhi ya nje inakuwa juu kuliko sakafu ya ndani. Ichimbeni ishuke chini ya sakafu, na mfereji upeleke maji mbali. Kama kuna ile sakafu ya zege kuzunguka jengo inayogusa ukuta, ivunjeni upana wa futi moja na mjaze kokoto. Mnaweza kushangaa nusu ya ugonjwa ikipona hapo, kabla hata ya kununua kitu.

Baada ya hapo ondoeni rangi na lipu ya saruji, kwa tindo jembamba na nyundo ndogo, mkianzia kwenye kingo zilizolegea. Kijana wa nyundo kubwa mpeni kazi ya kubeba kifusi. Kisha ukuta uacheni wazi upumue kiangazi kizima, mkifagia chumvi kila inapotokea kwa brashi kavu. Msiuoshe, maji huirudisha chumvi ndani. Najua ukumbi utaonekana kama mgonjwa aliyevuliwa shati na watu watasema kamati imekula fedha. Vumilieni.

Lipu mpya iwe ya chokaa. Hatuna haja ya kuiagiza mbali. Mawe ya chokaa yapo Songwe, yanachomwa huko tangu zamani. Chokaa iliyotoka tanurini, kabla ya kuzimwa, ni kitu cha hatari: ukiitia kwenye maji inachemka na kurusha, kwa hiyo maji ndiyo yatangulie shimoni na chokaa ifuate kidogo kidogo. Mzimaji avae miwani na viatu, watoto wafukuzwe. Ikishazimwa ikae shimoni chini ya maji wiki kadhaa, na kadiri inavyokaa ndivyo inavyokuwa kama siagi. Mkishindwa hilo, ya mfuko inafaa, mradi ni mpya. Mfuko uliokaa dukani mwaka mzima umeshakufa kwa hewa, utapaka vumbi. Changanya moja ya chokaa kwa tatu za mchanga mkali uliooshwa. Na kwa kuwa sisi tumekaa mgongoni mwa volkano, lile jivu lake na mawe mepesi, yakisagwa na kuchekechwa, ukitia kiasi kwenye mchanganyiko husaidia chokaa kushika hata palipo na unyevu. Warumi walijenga hivyo na kuta zao zingali zimesimama.

Pigeni tabaka nyembamba, mbili au tatu, kila moja ikisubiri ya kwanza ikaze, na mzifunike kwa magunia yaliyolowa. Chokaa haikauki kama saruji. Inakaza kwa kuvuta hewa polepole hadi inarudi kuwa jiwe, na jua kali likiipata mapema inageuka unga. Anzeni Julai, mmalize Oktoba kabla mvua haijarudi. Mwisho upakaji wa chokaa nyembamba, kama maziwa, mara nne au tano. Utachubuka, ndiyo. Kila miaka michache wanafunzi watashika brashi na kurudia. Vigae msiviguse kabisa. Ni koti lilelile la mpira, ila la bei kubwa zaidi.

Sasa jiwe. Toeni picha yake, kisha litoeni ukutani. Kwa maelezo yako limegandishwa kwa saruji nyuma, kwa hiyo pale ndipo ukuta ulipozibwa kuliko mahali pengine popote, na ningekuwa mtu wa kuweka dau ningesema chumvi ya ndani ni nene zaidi upande wa pili wa jina la mchungaji. Lijengeeni kijiguzo chake uwanjani, hatua tatu kutoka mlangoni, mtu alisome akiingia.

Kuhusu mzee wenu asiyelitaka jina, msimpuuze. Anasema nusu ya jambo, na nusu hiyo ni ya kweli.

Makanisa yetu yalianza na watu waliokuwa vitu viwili kwa pamoja. Wamisionari wanne wa kwanza wa kanisa la Moravian, Meyer, Richard, Martin na Häfner, walikuja upande wetu mwaka 1891. Martin alifariki mwaka huohuo. Waliobaki waliweka kituo Rungwe, na kazi haikwenda mbali mpaka walipopatikana wenyeji wa kufundisha. Ndiyo maana wazee wetu wakisema "mwalimu" huwezi kujua upesi kama wanamaanisha wa shule au wa kanisa. Alikuwa mmoja, siku za wiki anashika ubao, Jumapili anashika kitabu cha ibada. Darasa la ubatizo ndilo lililokuwa darasa la kusoma. Mchungaji wenu alitoka kwenye mila hiyo, na ukumbi unaobeba jina lake unakumbuka darasa lililotangulia matofali. Darasa lile huenda lilikuwa chini ya mti. Jina ni lake kwa haki.

Lakini matofali nayo yana wenyewe. Mwaka mmoja nilivuka mpaka wa Kasumulu kuingia Malawi na wanafunzi wangu wa uashi, tukapita Karonga, tukapanda zile kona za Livingstonia mpaka gari letu likaomba maji. Huko juu, Khondowe, Mskoti mmoja mchungaji na daktari, Robert Laws, alihamishia kazi yake mwaka 1894. Alikuwa ameingia ziwani Nyasa tangu 1875. Alianzisha chuo kilichofundisha walimu, wachungaji, wapiga chapa, maseremala na waashi, na nyumba yake ya mawe ipo hadi leo. Ni jamaa zetu kwa namna fulani: Vita vya Kwanza vya Dunia vilipowaondoa Wajerumani, Waskoti wa Livingstonia ndio waliosimamia misheni za Rungwe hadi Wajerumani waliporuhusiwa kurudi miaka ya 1920. Sasa sikiliza. Chuo kile kiliitwa Overtoun, jina la tajiri wa Scotland aliyetoa fedha. Laws aliyekaa pale mpaka 1927 alisubiri muda mrefu. Leo Chuo Kikuu cha Livingstonia kina kampasi ya Laws. Kwa hiyo mtoa fedha alipata jina, na mchungaji akapata jina. Wanafunzi wangu walinizunguka wakaniuliza jina la mwashi liko wapi. Nikawapeleka nyuma ya nyumba, tukapapasa mawe kwa vidole mpaka tukakuta mikwaruzo ya tindo, mistari mifupi yote imelala upande mmoja. Kijana mmoja akalinganisha na mkono wake, akasema mwashi huyu alikuwa wa mashoto.

Hapo kwenu wapo watu waliochimba udongo, waliokanyaga, waliokata kuni za tanuru. Maji ya kukandia nani aliyateka? Shule za misheni zilitegemea mikono ya wanafunzi na ya akina mama wa jirani, na watoto wao wengine mngali nao hapo Tukuyu, wana miaka themanini na kitu. Wewe ni mwalimu, chukua daftari uende wiki hii, usisubiri kikao. Majina mtakayoyapata yaandikeni kwenye ubao wa mninga, muutundike barazani kwa ndoano mbili, usigandishwe na saruji. Huyo mzee mbishi mpeni kazi ya kuusoma siku ya kuuzindua, nadhani atanyamaza.

Kwa wale wa ghorofa nina neno moja la kisheria, maana najua hawatishwi na ndimu. Sheria yetu ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda yenyewe majengo ya kabla ya 1863. Ukumbi wenu ulijengwa baada ya hapo, kwa hiyo haulindwi mpaka waziri autangaze katika Gazeti la Serikali. Watu wengi hudhani kila jengo la Mjerumani lina ulinzi, halina. Likibomolewa Jumamosi, Jumatatu hakuna wa kushtakiwa. Kama mnautaka ukumbi, andikieni Idara ya Mambo ya Kale mapema, mkiambatisha picha, mchoro na historia, mkiwa bado mna kuta za kupiga picha. Na mkitaka kuwaonyesha wenzenu kwamba jengo la zamani linaweza kufanya kazi, pandeni basi mwende Iringa mkaione Boma. Wajerumani waliijenga mwaka 1914 iwe hospitali ya jeshi, ikaja kuwa ofisi za serikali, na tangu 2016 ni makumbusho ya mkoa. Chukueni na wale wa vigae.

Mzee Tindo, mimi ni mwanafunzi hapa Mbeya. Tumebishana bwenini: kwa nini chuo kikuu cha Moravian hapa kinaitwa Teofilo Kisanji wakati yeye si mtu wa Mbeya? Hatukuwa na wachungaji wetu?

Mlikuwa nao tele, mjukuu wangu. Lakini TEKU, yaani hicho Chuo Kikuu cha Teofilo Kisanji, ni cha Moravian wa Tanzania nzima, na kanisa hilo lina miguu miwili: mmoja huku kwetu kuanzia 1891, mwingine Unyamwezi, ambako Wamoravian waliipokea Urambo mwaka 1898 kutoka kwa misheni ya Kiingereza ya London. Kisanji alitoka kwenye mguu huo wa magharibi, naye ndiye Mwafrika wa kwanza kuwa askofu wa Moravian nchini. Mimi naona wenye chuo walifanya busara. Wangechagua mtu wa hapa, leo mngekuwa mnabishana kama awe wa Rungwe au wa Mbozi, na bweni lisingelala.

Nanyi mnaosoma pale, siku moja mtu akikuuliza chuo gani, mtajie jina zima walau mara moja. Ufupisho ni mzuri kwenye fulana.

Shikamoo mzee. Niko Makambako. Nyumba ya zamani ya babu imeanguka, matofali ya kuchoma yamebaki mengi. Fundi anasema niyatumie yote kwenye msingi wa banda la nguruwe ili nisinunue mapya. Mengine yana alama za vidole na moja lina nyayo za mbwa. Ni sawa?

Marahaba. Kamwene, kijana wa Makambako. Fundi wako ana nusu ya akili: ayatumie, ila msingini asiyaweke bila kuyachagua, maana msingi ndio unaokaa majini. Shika matofali mawili, moja kila mkono, uyagonganishe. Yakilia kama kengele yaliiva. Yakilia kama viatu yalikaa pembeni mwa tanuru, moto haukuyafika. Hayo yatumie juu, ndani, mahali pasipolowa. Yenye mashaka yalaze kwenye pipa la maji usiku mmoja, asubuhi yaliyo mabichi utayakuta yanamumunyika kwenye kona. Udongo uliogandia utatoka kwa kisu cha zamani na ndoo ya maji. Ungekuwa saruji ungelitupa tofali na saruji yake, na ndiyo sababu nyingine ya mimi kuipenda nyumba ya babu yako.

Alama za vidole ni za aliyelitoa kwenye kalibu likiwa bado bichi. La nyayo za mbwa usilizike kwenye banda la nguruwe. Mimi ninalo moja kama hilo, nalitumia kuegemeza mlango wa kuku, na kila mgeni hulipima kwa mkono wake kabla hajakaa.